Kabla ya Dawa, Pima Maji: Amonia na Samaki wa Maziwa Yetu katika Tangi la Nyumbani

Karibu kila mtu anayeniomba ushauri kuhusu samaki wa mapambo anayeumwa huanza kwa kuuliza jina la dawa, nami humjibu kwa kumuuliza mambo matatu: amonia ya tangi lake ni kiasi gani, pH (kipimo cha uasidi wa maji, ambacho hushuka asidi ikizidi) ni ngapi, na maji yana nyuzi ngapi za joto. Wengi hawana majibu, na siwalaumu hata kidogo, kwa sababu tangi, changarawe, chujio na samaki huuzwa kwa siku moja na kubebwa kwa gari moja, na ni nadra mnunuzi kuelezwa kwamba chujio jipya ni plastiki na sponji tu ambayo bado haiwezi kumlinda samaki yeyote. Nimefuga samaki wa Ziwa Tanganyika na wa Ziwa Nyasa nyumbani kwangu Dar es Salaam kwa muda mrefu, na ninaamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita ugonjwa wa samaki huanzia kwenye maji. Ninaamini pia kwamba sisi tunaofuga samaki wa maziwa haya, tena katika mji wa joto, tuna sababu ya ziada ya kuiogopa amonia kuliko anayefuga samaki wa mito ya Amazoni katika chumba chenye ubaridi.

Amonia haitoki mbali. Samaki anapokula protini, mwili wake huivunja na kubaki na naitrojeni isiyohitajika, ambayo huitoa kama amonia, hasa kupitia matamvua, na kwa kiasi kidogo tu kupitia mkojo. Chakula kisicholiwa, kinyesi, jani lililooza na konokono aliyefia nyuma ya jiwe huongeza amonia ileile. Katika ufugaji wa samaki wa kitoweo hukadiriwa kwamba kila kilo moja ya chakula huzalisha takriban gramu 30 za amonia, na kiwango hicho nakitumia hata kwa tangi la sebuleni kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi: gramu moja ya chakula, ambayo ni kama kijiko kidogo cha chai kisichojaa, huzaa karibu miligramu 30, na katika tangi la lita 100 hiyo ni miligramu 0.3 kwa kila lita. Hicho ni kiwango cha siku moja. Ikiwa hakuna kinachoiondoa, kesho kitaongezeka kiasi kama hicho, na keshokutwa vilevile.

Samaki huweza kuitoa amonia mwilini kwa urahisi kwa sababu katika damu yake huwa nyingi kuliko katika maji, hivyo hupita yenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Amonia ya majini inapopanda, mwelekeo huo hudhoofika na sumu aliyoizalisha samaki mwenyewe hubaki ndani ya damu. Wakati huohuo ngozi nyembamba ya matamvua huvimba na kufunikwa na ute mwingi, na oksijeni hupita kwa shida. Ndiyo maana samaki mwenye sumu ya amonia huonekana juu ya maji akihema kwa nguvu, matamvua yakiwa mekundu kupita kawaida, mapezi ameyabana mwilini, chakula akikiangalia bila kukigusa. Kiwango kikipanda zaidi huanza kurukaruka na kujigonga kwenye vioo, kisha hulala chini kwa ubavu, kwa maana sumu imefika kwenye ubongo.

Sasa nifikie jambo ambalo natamani kila mfugaji wa samaki wa maziwa yetu alifahamu vizuri. Kipimo cha matone tunachonunua, kile ambacho maji hubaki ya njano pakiwa salama na kugeuka kijani kadiri hatari inavyozidi, hupima jumla ya amonia. Ndani ya jumla hiyo mna vitu viwili: amonia huru, ambayo ndiyo sumu kali kwa sababu hupenya matamvua kwa urahisi, na amoniamu, ambayo ina chaji ya umeme na madhara yake ni madogo sana kwa kulinganisha. Kinachoamua mgawanyo wa viwili hivyo ni pH na joto la maji. Katika maji ya nyuzi 27 yenye pH 7, amonia huru haifiki hata asilimia 1 ya jumla. Kwa pH 8 hufika takriban asilimia 6. Kwa pH 8.5 hufika asilimia 17. Na kwa pH 9 hukaribia asilimia 40.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya kati ya 8.6 na 9.2, na ya Ziwa Nyasa kati ya 7.7 na 8.6. Mfugaji anayejitahidi kumpa samaki wake maji yanayofanana na ya kwao, jambo ambalo ni sahihi na ninalihimiza, anaishi muda wote katika upande wa hatari wa hesabu hiyo. Chukua rangi ya kwanza kabisa ya kipimo, kijani hafifu cha miligramu 0.25 kwa lita ambacho watu wengi hukitazama na kusema si kitu. Katika tangi la pH 7, amonia huru iliyomo ni chini ya miligramu 0.002, na samaki hatasikia lolote. Katika tangi la pH 8.5 lenye nyuzi 27, rangi ileile ina amonia huru zaidi ya miligramu 0.04. Wafugaji wengi huichukulia 0.02 kuwa kikomo cha kumweka samaki kwa muda mrefu, na inapokaribia 0.05 matamvua huanza kudhurika. Kwa hiyo kauli kwamba amonia ya 0.25 inavumilika inaweza kuwa kweli kwa jirani yako mwenye samaki wa maji laini, yaani yenye madini machache na pH ya chini, na kwako wewe mwenye Tropheus, samaki wa miamba ya Kigoma, ikawa chanzo cha msiba.

Joto nalo linachangia. Kuanzia Januari hadi Machi, maji ya tangi lililo katika nyumba ya bati isiyo na kiyoyozi hapa Dar es Salaam hufika nyuzi 30 na kuzidi, ilhali samaki hawa kwao wamezoea nyuzi 24 hadi 27. Kutoka nyuzi 24 hadi 30, katika pH 8.5, sehemu ya amonia huru hupanda kutoka takriban asilimia 14 hadi 20, na maji hayohayo ya moto hubeba oksijeni kidogo zaidi, kwa samaki ambaye matamvua yake tayari yameharibika. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji, mfuniko ukiwa umefunguliwa, hushusha nyuzi kadhaa kwa njia ya mvuke. Ni kifaa cha bei ndogo kilichoniokolea samaki wengi kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua.

Ni vyema kukumbuka samaki hawa wametoka wapi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, na maji yake ni takriban kilomita za ujazo 18,900. Samaki anayeishi kwenye miamba ya Kigoma, au Chindongo demasoni mwenye mistari ya buluu anayepatikana upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa peke yake, amezaliwa katika maji ambayo hayabadiliki pH wala joto kwa ghafla, na ambayo amonia yake kwenye kina anachoishi haifikii kiwango cha kumsumbua. Tunamtoa huko na kumweka katika lita 200. Mwenye kufanya hivyo ana wajibu wa kuyajua maji hayo kwa namba.

Kinachowezesha tangi dogo kukalika ni bakteria wanaoishi juu ya sponji, mawe na changarawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, na jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali hayo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Vitabu vya zamani viliitaja Nitrobacter kuwa ndiyo inayofanya kazi ya pili, lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kuwa katika matangi ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kazi hiyo hufanywa na Nitrospira, na mwaka 2015 watafiti wa Ulaya walitangaza kwamba zipo Nitrospira zinazoweza kufanya kazi zote mbili peke yake; baadhi yao zilipatikana katika chujio la mfumo wa kufugia samaki. Habari njema kwetu ni kwamba bakteria hawa hupenda pH ya kati ya 7.5 na 8.5, maji magumu, joto na oksijeni nyingi. Maji yale yale yanayoifanya amonia kuwa kali ndiyo yanayowafanya wafanye kazi vizuri, ilimradi wapewe muda wa kuongezeka kabla samaki hawajaingia.

Muda huo ni wiki nne hadi sita kwa tangi linaloanza bila msaada. Mimi hukomaza tangi bila samaki: hutia amonia ya maji isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, au pasipo hiyo hutia chakula kidogo cha samaki na kukiacha kioze, kisha hupima. Tangi huwa tayari pale ambapo amonia hiyo yote hutoweka ndani ya saa 24 na nitriti nayo husoma sifuri. Njia ya mkato ambayo ni halali ni kuomba sponji iliyokwishatumika kutoka kwa mfugaji ambaye samaki wake wana afya, na kuisafirisha ikiwa imelowa bila kuiacha ikauke. Sponji hiyo isioshwe kwa maji ya bomba, kwani klorini iliyowekwa ili kutulinda sisi na kipindupindu na homa ya matumbo huwaua bakteria hao vilevile. Hukamuliwa ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe.

Nieleze kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu kinaonyesha kwamba haraka ya kusafisha nayo inaweza kuua. Shemeji yangu anayeishi Tegeta alikuwa na samaki wa dhahabu katika tangi la muda mrefu, nalo alikuwa akilijaza kwa maji ya mvua aliyoyakinga mwenyewe. “Shemeji, haya ni masafi kuliko ya bomba, hayana dawa yoyote,” aliniambia, na katika hilo la dawa alikuwa na haki. Samaki walikuwa wamepoa, mmoja ana mistari myekundu kwenye mkia, hamu ya chakula imepungua, lakini hakuna aliyekuwa akihema juu ya maji. Nilipopima, amonia ilisoma miligramu 4 kwa lita, kijani kizito ambacho katika matangi yangu kingekuwa kimeshaua kila kitu. Kisha nikapima pH, nikakuta 6.

Maji ya mvua hayana chumvichumvi za kalsiamu na kaboneti zinazoizuia pH isishuke, na bakteria wanapoigeuza amonia hutoa asidi. Mwezi hadi mwezi asidi hiyo ilikuwa imeila akiba ndogo iliyokuwepo, pH ikashuka, na ilipofika karibu na 6 bakteria wenyewe wakawa karibu kusimama kazi. Amonia ikaanza kujaa. Kilichowahifadhi samaki ni asidi ileile, kwa sababu katika pH 6 amonia huru haifiki hata sehemu moja ya elfu moja ya jumla. Shemeji alikuwa tayari ameshika ndoo na mpira, anataka kutoa nusu ya maji na kuweka ya kisima cha jirani, ambayo pH yake ilisoma 8. Nilimwomba asubiri. Angepunguza jumla ya amonia kutoka 4 hadi 2, lakini kwa kuwa maji ya mvua hayana nguvu ya kuizuia pH, tangi lingepanda hadi karibu na 8, na amonia huru ingepanda zaidi ya mara arobaini usiku uleule. Asubuhi angewakuta wamekufa, na bila shaka angeamini kwamba maji ya kisima yalikuwa na sumu.

Tulichofanya ni kubadilisha maji kidogo kidogo, karibu asilimia 15 kila jioni, kwa maji yaleyale ya mvua yaliyokwishapulizwa hewa, huku tukinyonya uchafu uliolala chini ya changarawe na kuwapa samaki chakula kidogo sana siku moja kwa nyingine. Amonia ilipokuwa imeshuka chini ya 0.5, nilimletea sponji kutoka kwenye tangi langu na mfuko mdogo wa maganda ya kombe yaliyopondwa, ukawekwa kwenye njia ya maji ya chujio ili kaboneti iyeyuke polepole. pH ilipanda kwa utaratibu, bakteria wakashika kazi, na mistari kwenye mkia ikafifia bila dawa yoyote. Samaki mmoja mzee hakupona. Kwa yeyote anayetaka kufanya kama sisi, atumie maganda ya kombe au mawe ya chokaa, asiende kung’oa matumbawe baharini.

Dharura ya kawaida ni tofauti na hiyo. Tangi lina pH ya juu, samaki wanahema, amonia imepanda. Hapo hatua ni kubadilisha nusu ya maji mara moja kwa maji yenye pH na joto linalokaribiana na la tangi, yaliyokwishaondolewa klorini kwa sodiamu thiosalfeti au kwa kupulizwa hewa usiku mzima. Maji ya kisima hayana klorini, lakini nayo yapimwe kwanza. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na maji yanayotoka ardhini huwa na hewa ya kaboni nyingi inayofanya pH isome chini bombani na kupanda baada ya saa kadhaa ndooni. Chakula kisimamishwe kwa siku moja au mbili, kwani samaki mkubwa mwenye afya hafi kwa kukosa mlo wa siku mbili, ila anaweza kufa kwa sababu ya mlo huo. Jiwe la hewa liongezwe. Tena mtu asidhani kwamba nusu ya maji imemaliza tatizo: kutoka miligramu 2 utabaki na 1, na katika pH 8.5 hiyo bado ni amonia huru ya 0.17, kiwango cha kuumiza vibaya. Rudia baada ya saa kadhaa, upime, urudie tena. Mawe ya zeolaiti husaidia kunasa amoniamu katika maji baridi, lakini yasitumiwe pamoja na chumvi, maana chumvi huyalazimisha kuiachia amoniamu iliyokwishanaswa.

Baada ya amonia kushuka, mara nyingi hufuata nitriti, na hapa watu wengi hukata tamaa kwa kuona samaki wakianza tena kuhema ilhali kipimo cha amonia ni cha njano safi. Nitriti huingia kwenye damu na kuibadilisha hemoglobini isiweze kubeba oksijeni, hivyo matamvua huwa na rangi ya kahawia. Chumvi ya kawaida ya jikoni ni msaada mkubwa: kloraidi iliyomo hushindana na nitriti mlangoni pa matamvua na kuizuia isipite. Nusu gramu kwa kila lita inatosha, yaani gramu 100 kwa tangi la lita 200, ikiyeyushwa kwanza katika ndoo na kumiminwa taratibu. Haiondoi nitriti, inampa samaki muda wakati bakteria wa kundi la pili wanaongezeka na wewe unaendelea kubadilisha maji.

Bila shaka yapo magonjwa ya kweli, na amonia huyafungulia njia kwa kuchubua ute na kudhoofisha kinga. Namna ninavyotofautisha ni kwa kuangalia mpangilio. Samaki wote wakibadilika kwa pamoja, ndani ya saa au siku moja, chanzo ni maji hadi ithibitike vinginevyo. Akiumwa mmoja, kisha baada ya siku kadhaa wawili watatu, nafikiria maambukizi. Akibaki mmoja peke yake, huenda amepigwa na wenzake, ameumia au amezeeka. Madoadoa meupe kama chembe za chumvi yakienea mwilini na kwenye mapezi ni kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis; hukaa chini ya ngozi ya samaki ambapo dawa haimfikii, kisha huanguka, hujigawa chini ya tangi na kutoa mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa au chumvi humuua akiwa katika hatua hiyo ya kuogelea tu, kwa hiyo tiba haina budi kuendelea siku kadhaa baada ya doa la mwisho kutoweka. Anayeacha siku ambayo samaki ameonekana msafi huurudisha ugonjwa mwenyewe.

Kwa samaki wanaokula mwani, hasa Tropheus na mbuna (samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa), ugonjwa unaohuzunisha zaidi ni wa tumbo kuvimba: samaki hutema chakula, hujitenga, hutoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi, kisha tumbo hufura. Mkazo wa maji mabaya na chakula chenye mafuta na protini nyingi ya nyama huandaa mazingira yake. Wakiwa bado wanakula, nafasi ya kuwatibu ipo na dawa ya metronidazoli huchanganywa kwenye chakula. Tumbo likishafura kabisa, matumaini ni madogo. Kipimo cha dawa ni bora kikatoka kwa daktari wa mifugo, ambaye wengi wetu hatumfikirii kabisa linapokuja suala la samaki.

Kuhusu antibiotiki nina msimamo mkali. Kuna desturi ya kununua vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa, kuvifungua na kumwaga unga wake ndani ya tangi. Tetrasaiklini, mojawapo ya antibiotiki hizo, hushikana na kalsiamu na magnesi, madini ambayo maji magumu tunayowatengenezea samaki wa Tanganyika yamejaa, kwa hiyo sehemu kubwa yake haimfikii samaki. Baadhi ya antibiotiki, kwa upande mwingine, huwafikia vizuri bakteria wa chujio na kuwadhoofisha. Amonia hupanda, samaki waliokuwa wazima huanza kuhema, mwenye tangi huona ugonjwa umeenea na kuongeza vidonge. Nimeitwa kwenye nyumba zilizofika hatua hiyo, ambapo samaki wa kwanza alikuwa na jeraha dogo la pezi na wengine wote walikufa kwa tiba. Mgonjwa na atengwe katika chombo chake, hata ndoo kubwa nyeupe yenye sponji iliyokomaa na jiwe la hewa, dawa iwekwe humo, na amonia ya ndoo hiyo ipimwe kila siku kwa kuwa maji ni machache. Samaki mpya naye akae humo wiki mbili hadi nne kabla ya kuingia kwa wenzake.

Limebaki la umeme, ambalo kwetu haliwezi kuachwa. Bakteria wa chujio huhitaji oksijeni kila dakika, na chujio la aina ya kopo lililofungwa likisimama kwa saa kadhaa, oksijeni iliyomo huisha, bakteria huanza kufa na maji hugeuka kuwa na harufu ya kuoza. Umeme unaporudi, pampu huyasukuma maji hayo yote ndani ya tangi, na mara nyingi watu wanapokuwa wamelala. Kwa sababu hiyo kila tangi langu lina chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, na pampu hiyo imeunganishwa na betri ndogo inayochajiwa na paneli ya jua; haitumii umeme mwingi na huendelea usiku kucha. Chujio la kopo nimeliunganisha kwenye soketi ambayo naiwasha mwenyewe kwa mkono tu, ili lisijiwashe umeme unaporudi. Likiwa limesimama kwa muda mrefu, nalifungua, namwaga maji yaliyomo, nasuuza sponji kwa maji ya tangi na kuinusa kabla ya kuirudisha. Asubuhi inayofuata napima amonia, na kwa wiki nzima naendelea kupima huku nikilisha kidogo, hadi kipimo kibaki cha njano kwa siku kadhaa mfululizo.